Diski za Baba Mkwe

Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa zaidi ya mia tatu, na kwa siku sita hakuna mtu duniani, mimi nikiwemo, aliyeweza kusoma hata ukurasa wake mmoja. Ilikuwa ndani ya kompyuta iliyokataa kuwaka, katika chumba cha uchapaji pale Bulyaga, na haikuwa mahali pengine popote. Nakala ya mkono ilikuwa imekwisha. Mama yangu aliikokea moto.

Simlaumu, maana ruhusa nilimpa mwenyewe. Kwetu Tukuyu kuni hukaa na unyevu karibu mwaka mzima, na ukitaka ziwake lazima uzitangulizie kitu kikavu cha kuzishawishi. Siku sura ya mwisho ilipomaliziwa kuchapwa, nilirudi nyumbani na madaftari yangu manane, nikayaweka kando ya mafiga, nikamwambia mama kwa sauti ya mtu aliyevuka mto mkubwa, "Tumia tu. Kitabu sasa kimo kwenye mashine." Akatumia. Baada ya wiki mbili aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba daftari la tano lilishika moto vizuri kuliko yote. Lilikuwa daftari la mapenzi.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, miaka ile serikali ilipoacha kumwajiri kila aliyehitimu na kutuambia kwamba soko litatuona. Soko lilikuwa bado halijaniona. Huko Dar es Salaam nilikuwa na wenzangu wanne ambao tulikuwa tukisomeana kazi zetu kantini mpaka wahudumu waanze kupindua viti juu ya meza. Tuliamini fasihi ya nchi imelala, na kwamba sisi ndio tuliotumwa kuiamsha. Kila mmoja alikuwa na karama yake. Yangu ilikuwa mdundo. Walisema sentensi yangu mtu anaweza kuichezea ngoma. Nilikuja na sifa hiyo mpaka nyumbani, kama mtu anavyorudi safari na kikohozi. Riwaya ilihusu msichana mchuma chai na ukungu. Zaidi ilihusu ukungu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mtoto wa ubinafsishaji. Kiwanda kimoja cha chai kilipouzwa, wenye mali wapya walikuja na mashine zao, na vyombo vya ofisi ya zamani wakapewa waliopunguzwa kazi. Mmoja aliondoka na viti, mwingine na mapazia, mwingine na saa ya ukutani ambayo mpaka leo inasema saa nne kasoro. Mtunza stoo, mzee aliyekaa na funguo za kiwanda kile zaidi ya miaka ishirini, aliondoka na kompyuta, kwa sababu wengine wote waliiogopa. Yeye alirudi kwenye migomba yake Kinyala. Kompyuta akaipangia chumba Bulyaga, na juu yake akamweka mkamwana wake, yaani mke wa mwanawe mkubwa, ambaye alikuwa amejifunza taipu.

Huyo mkamwana ndiye niliyemwita dada. Naye aliniita kaka mwandishi, na neno mwandishi alilitamka kama mtu anavyotaja ugonjwa usioua. Tulikuwa na mapatano: mimi niliwatungia wateja wake barua, yeye alinichapia riwaya. Wateja walikuja na shida zao fupi, wakaondoka na barua ndefu. Mkulima mmoja aliyetaka kumwarifu mtendaji wa kata kwamba ng'ombe wa jirani amekula maharage yake aliondoka na kurasa mbili zilizoanza na mapambazuko. Alirudi kesho yake kuuliza ng'ombe yuko ukurasa gani.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini wengine itabidi niwaeleze. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawazungumzi. Mkamwana akimwona mzee anakuja njiani, anaingia migombani na kugeuka pembeni mpaka mzee apite. Si ugomvi. Ni heshima, na heshima ina sheria nyingi kuliko ugomvi. Siku hizi vijana wengi wameilegeza, hasa mjini, lakini mzee huyu alikuwa mtu wa stoo, na mtu wa stoo halegezi kitu.

Kwa hiyo biashara ile iliendeshwa na watu wawili wasioonana. Mzee alifika Jumapili baada ya ibada, akafungua kwa ufunguo wake, akakagua, akafunga, akaenda zake. Siku za kazi chumba kilikuwa cha dada. Mzee akilazimika kuja siku ya kazi, alikohoa mara tatu pale kona kwa fundi cherehani, na dada akatoka mlango wa nyuma, akasimama nje chini ya migomba, nyuma ya ukuta wa mbao. Wote wawili walisikia kila neno. Lakini neno haliwezi kupita ukutani lenyewe. Lilihitaji mtu wa tatu asimame kwenye mlango wa nyuma na kulihamisha. Na kwa kuwa nilishinda pale kila siku nikiangalia ukungu wangu ukichapwa, mtu huyo wa tatu nilikuwa mimi.

Kazi hiyo niliifanya kwa bidii ya kisanii.

"Mwambie," mzee alisema siku moja, "karatasi zinatupwa ovyo."

Nikageukia migomba. "Dada, mzee anasema karatasi ni jasho la mti, na kila jani tunalolitupa lina msitu unaolia."

Kisha sauti kutoka nje, "Mwambie nimesikia. Na msitu unisamehe."

Mzee akasema, "Ndaga," yaani asante, akaondoka. Alikuwa mtu mwenye kuheshimu elimu. Nadhani aliamini kwamba chuo kikuu ndivyo wanavyofundishwa kufikisha salamu.

Jumatatu ya wiki ile kompyuta ilipokataa kuwaka, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Dada alifika, akatundika mwavuli, akanyanyua pembe ya kitambaa, akabonyeza kitufe. Kitambaa hicho kina nafasi yake katika habari hii. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, kazi ya mama mkwe, kilichofunika kompyuta yote isipokuwa kioo, na nyuzi zake zikining'inia mbele mpaka mezani. Zawadi ya mama mkwe haiondolewi. Inanyanyuliwa pembe, basi.

Taa ikawaka. Mashine ikakoroma mara mbili, sauti ambayo hatukuwa tumeisikia siku nyingi, kisha kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja mweupe wa Kiingereza uliosema kwamba haikuuona mfumo wa kuwakia. Dada akazima. Akangoja, kama anavyongojewa mtoto aache kulia. Akawasha. Ikakoroma, ikasema vilevile.

"Imesema nini, kaka mwandishi? Wewe ndiye mwenye digrii."

Nilisoma mstari ule mara nne. Nilikuwa nimefundishwa kutafuta maana iliyojificha, na pale hapakuwa na maana iliyojificha. "Imesema haijioni," nilimjibu.

"Heri yake," alisema dada, akaenda kumwita fundi.

Fundi alitoka Makandana. Kazi yake halisi ilikuwa redio, lakini alikuwa amehudhuria mafunzo ya kompyuta ya wiki mbili huko Mbeya, na tangu arudi alianza kutembea polepole. Alizungusha mashine, akafungua nyuma kwa bisibisi, akapuliza, akakaza kila kilichokazika. Mbele hakuhangaika napo. Mbele palikuwa na kitambaa cha mama mkwe.

"Mfumo umekufa," alisema hatimaye. "Inataka diski zake za kuinstoli. Zilikuja na mashine. Ziko wapi?"

"Kwa mzee," dada alisema.

"Zije. Zikija, naiinstoli upya, inakuwa kama imezaliwa leo."

Neno kuzaliwa lilinishtua. "Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vipi?"

"Kuna kitabu changu."

"Nikiinstoli nasafisha kwanza, bwana. Hujengi nyumba mpya juu ya vyombo vya zamani."

"Kwa hiyo kitabu kitakuwa wapi?"

Fundi alifikiri kwa haki. "Hakitakuwa," alisema.

Dada akaniambia nisipauke, si nina madaftari. Ikabidi nimweleze habari za mafiga. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuza shamba akanunua suti.

"Zile flopi nilizokuwa nakuwekea nakala?"

"Si ulisema zote zimeota ukungu?"

"Zimeota," alikiri. Na kweli, flopi, zile diski bapa za plastiki za kuhifadhia nakala, pale kwetu zilikuwa zinaota utando mweupe kama mkate, mpaka akaacha kuzitumia. Mwaka mzima hakuwa ameingiza flopi kwenye mashine ile. Rundo lao lilikaa kwenye bakuli kando ya printa, kwa sababu hakuna aliyejua kama ni takataka au mali. Hivyo riwaya yangu ya ukungu iliangamizwa nakala zake zote na ukungu. Wenzangu wa kantini wangelipenda jambo hilo. Mimi sikulipenda.

Jumanne nilikwenda Kinyala kumpa mzee habari. Njia ilikuwa matope mekundu, migomba ikidondosha maji pande zote mbili, na mlima Rungwe ulikuwa umejifunika hauonekani kabisa. Miaka miwili nilikuwa nimeandika mambo hayo kwa machozi. Siku hiyo yalikuwa matope tu.

Mzee nilimkuta sebuleni. Nyumba yake ilikuwa stoo iliyopata dini. Kila kitu kilichokuwa na tundu kilikuwa kimefunikwa: mitungi kwa sahani, makopo kwa vifuniko vyake, chupa kwa magunzi ya mahindi yaliyochongwa yakaenea sawasawa. Hata birika lilikuwa na kitambaa kilichosokotwa mdomoni. Nilisalimu, "Ugonile, tata." Akaitika, akanipa kigoda na chai, na chai yenyewe ilitoka katika kopo lililokuwa ndani ya kopo jingine.

Aliona ninavyotazama. "Chai ni mlevi," alisema. "Ukiiacha wazi usiku mmoja, inakunywa ukungu wote wa Rungwe, asubuhi unakuta majani tu. Pale kiwandani nilikuwa nazunguka jioni, sanduku kwa sanduku. Hakuna mdomo niliouacha wazi."

Nikamweleza yaliyotokea. Diski zipo, alisema, ziko ndani ya sanduku la bati, tangu siku alipozileta hazijaona jua. Mwenyewe atakuja nazo Jumamosi. Kitu cha stoo hakipewi mtu apite nacho njiani. Fundi naye awepo.

Hapo nikaweka kikombe chini, nikamwomba. Nilimwambia kwamba diski zikiingia, miaka yangu miwili itafutika. Niliomba wiki moja au mbili, nitafute fundi mwingine Mbeya, labda yuko anayeweza kuitoa riwaya kwanza. Nadhani niliongea vizuri. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kitabu chako kinahusu nini, mwanangu?"

"Kinahusu msichana mchuma chai."

"Ee. Alichuma kilo ngapi?"

Sikuelewa. "Kilo?"

"Siku moja. Anapofika kwenye mizani. Kilo ngapi?"

Nilipekua kurasa mia tatu kichwani. Msichana wangu alikuwa amelia, ameota, amesimama kileleni nywele zikipeperushwa na upepo, amekuwa alama ya taifa. Kwenye mizani hakuwa amefika.

"Haikusemwa," nilisema.

"Nimepokea chai kwa watu miaka zaidi ya ishirini," mzee alisema, bila ukali wowote, "sijakutana na mchumaji asiyejua kilo zake." Akamimina chai nyingine. "Mashine ni ya kazi. Pale kuna watu wanangoja barua, na mkamwana wangu anakaa bure. Jumamosi."

Nilipoinuka kuondoka, alinipa ujumbe. "Mwambie hivi: Jumapili niliukuta mdomo wa mbele wa ile mashine uko wazi, nikaufunga, unyevu usiingie. Na diski naleta Jumamosi. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Rudia."

Nikarudia, neno kwa neno, kama mwanafunzi. Akaridhika, akanisindikiza mpaka mwisho wa migomba.

Lakini kutoka Kinyala mpaka Bulyaga ni mbali, na mwandishi akiwa na sentensi njiani hawezi kuiacha jinsi alivyoikuta. Nilikuwa na huzuni, na huzuni kwangu wakati ule ilikuwa inaongeza mdundo. Sehemu ile ya mdomo ilinikera. Mdomo, mbele, wazi, kufunga, vilikaa vibaya ulimini kama mawe kwenye wali. Ni mdomo gani sikujua, na sikuona haja ya kurudi kuuliza. Niliuchukua kuwa namna ya kusema ya wazee, kama wanavyosema mlango una macho. Nilipofika, maji yakinichuruzika, nilimwambia dada:

"Mzee anasema anaionea huruma mashine katika baridi hii ya kwetu, na Jumamosi atakuja na diski."

"Hayo tu?"

"Hayo."

"Leo umefupisha," alisema. "Kweli umefiwa."

Jumatano mpaka Ijumaa nilikaa nyumbani nikajaribu kuiandika upya kwa kichwa. Nilidhani nitaikumbuka, maana si ilikuwa yangu. Nilikumbuka ukungu. Nilikumbuka namna saba za kusema kwamba mvua inanyesha. Lakini msichana alisema nini na mama yake sura ya tatu, au kwa nini alimkataa yule msimamizi, au jina la mtaa wake, vilikuwa vimeteleza vyote, na nikaanza kushuku kwamba havikuwapo tangu mwanzo. Mama alinikuta natazama karatasi nyeupe, akaniambia jivu lipo bado kwenye shina la boga, kama linasaidia.

Jumamosi saa nne fundi alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti, bisibisi mfukoni kama kalamu. Dada alikuwa anapanga karatasi. Mimi nilikuja kama anavyokuja ndugu wa marehemu, mapema na bila kazi. Kona kwa fundi cherehani tukasikia kikohozi, mara tatu. Dada akatoka mlango wa nyuma. Mzee akaingia.

Alikuwa na kifurushi kwapani. Alikiweka mezani, akakifungua taratibu: gunia, kisha gazeti, kisha mfuko wa plastiki, kisha kitambaa cha kanga, kisha gazeti tena. Ndani kabisa mlikuwa na CD moja inayong'aa kama sarafu mpya, na flopi moja safi, bila hata doa la ukungu. Fundi aliinama kuzitazama kwa heshima ambayo hakuwa ameionyesha kitu chochote mle ndani.

"Hivi ndivyo vitu vinavyotunzwa," alisema.

"Mwambie," mzee aliniambia, "diski zimefika."

"Dada, diski zimefika," niliuambia mlango wa nyuma. Sikuwa na nguvu ya kuongeza chochote.

"Mwambie ndaga. Na wewe uko salama? Mbona unasema kama watu?"

Fundi akaeleza utaratibu. Flopi ndiyo inayotangulia, inaamsha mashine. Kisha CD inasafisha na kuinstoli. Akauliza mara ya mwisho kama aendelee. Mzee akanitazama. Ninamshukuru mpaka leo kwamba alinitazama. Nikaangalia dirishani, nikasema aendelee, kwa sababu pale nje kwenye baraza walikuwa wamekaa watu wawili na karatasi zao zilizokunjwa, na mmoja alikuwa yule wa ng'ombe.

Mzee mwenyewe akanyanyua kitambaa cha mke wake, pembe zote mbili, akakikunja juu ya kioo. Kwa mara ya kwanza wiki ile uso wa mashine ukaonekana. Fundi akashika flopi kwa vidole viwili, akailenga kwenye tundu lake, akasukuma.

Haikuingia.

Akaigeuza. Haikuingia. Akasukuma kwa dole gumba, akachungulia. "Kuna kitu humu," alisema. "Pameziba."

"Si nimepaziba mimi," mzee alisema.

Fundi akageuka. "Wewe, mzee?"

"Jumapili. Nimekuta mdomo uko wazi, mvua inanyesha, baridi inaingia humo moja kwa moja. Nikachukua kimoja kwenye lile bakuli, nikaona kinaenea sawasawa kuliko gunzi. Nikaufunga." Kisha akanielekea mimi, taratibu. "Na nikatuma neno."

"Muulize kaka mwandishi," sauti ya dada ikasema, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniuliza isipokuwa mimi mwenyewe, "neno hilo lilipita wapi."

Fundi alibonyeza kijitufe kidogo chini ya tundu. Flopi ikaruka nje, imeota ukungu mweupe pembeni. Mashine ilikuwa inaanza kwa kusoma hiyo kila ilipowashwa, alisema, ikakuta hamna kitu, ikakata tamaa kabla ya kufika kwenye mfumo wake. Alisema hivyo akitazama chini, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa katika wiki ya kwanza ya mafunzo. Akabonyeza kitufe kikubwa. Mashine haikukoroma. Ikapiga mlio mmoja mfupi, na kioo kikajaa rangi.

Ndipo kikatokea kicheko. Kilitoka migombani, kikubwa, cha mtu aliyekizuia tangu Jumatatu, kikapita ukutani bila kuhamishwa na mtu, kikaingia chumbani mpaka kwa baba mkwe. Kisha kikakatika ghafla. Mkamwana hachekei masikioni mwa mkwewe. Fundi akatazama dari. Mimi nikangoja.

Mzee alikuwa anakunja gunia lake. "Mwambie," alisema, "kuku wake wanacheka. Na safari hii peleka neno kama nilivyokupa."

Nikasimama mlangoni. "Dada, mzee anasema kuku wako wanacheka."

"Mwambie mzee," ikaja sauti ndogo sana, "kuku wanaomba radhi."

"Mzee, kuku wanaomba radhi."

"Wamesamehewa," mzee alisema, akaanza kufunga diski zake upya: gazeti, kanga, plastiki, gazeti, gunia.

Fundi aliponipisha kwenye kiti, nilifungua riwaya. Ilikuwapo yote. Nilipitisha kurasa haraka kama mtu anayehesabu wanawe baada ya mafuriko, na mzee akasogea nyuma yangu, mkono mmoja juu ya kiti.

"Hicho ndicho?"

"Ndicho."

"Kinaonekana ni kingi," alisema kwa adabu. "Pole kwa zile kilo."

Kutoka nyuma ya ukuta dada akasema, "Kaka mwandishi, fungua sura ya saba."

Sura ya saba niliikumbuka. Msichana anashuka na kikapu mgongoni, na ukungu unamzingira kurasa nne, kurasa nilizozisoma kantini mpaka mwenzangu mmoja akavua miwani. Nikaifungua. Msichana alikuwa anashuka na kikapu mgongoni. Kulikuwa na ukungu mistari mitatu. Kisha alikuwa amesimama kwenye foleni ya mizani, miguu ina baridi, anamtazama mpimaji asije akakiinua kikapu cha mtu kwa goti ili kionekane chepesi. Sentensi zilikuwa fupi. Hazikuwa na mdundo wowote. Sikuwa nimeziandika mimi.

"Ukungu wangu uko wapi?" niliuliza.

"Nilikupunguzia. Ulikuwa unamchelewesha mtoto wa watu. Wakifunga mizani akiwa bado huko ndani ya ukungu wako, siku yake imepotea bure."

"Sehemu ngapi ulizifanya hivyo?"

"Sikumbuki. Tazama kwenye madaftari."

Madaftari yalikuwa jivu, na yeye alijua. Aliyekuwa amechuma chai kabla ya kujifunza taipu alikuwa yeye. Jambo hilo nililifahamu miaka miwili na sikuwahi kumuuliza swali hata moja. Nilikuwa nimekata sentensi moja ya mzee. Yeye alikuwa amekata zangu ambazo idadi yake sitaijua kamwe, na nakala pekee iliyobaki duniani ilikuwa ya kwake.

Mzee alikuwa hasomi haraka. Kidole chake kilifuata mistari kwenye kioo, kikafika chini, kikasimama.

"Kilo kumi na nane," alisoma.

Kisha akaniambia, "Muulize, asubuhi au siku nzima?"

Nikasimama, nikaenda mlangoni. "Dada, mzee anauliza, asubuhi au siku nzima?"

"Mwambie asubuhi. Kabla ya mvua."

Nikarudi. "Asubuhi, mzee. Kabla ya mvua."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, mtu wa mizani aliyeridhika na mizani. "Huyo ni mchumaji," alisema. Akachukua kifurushi chake kwapani, akatoka, na pale barazani akamwambia yule wa ng'ombe aingie, mashine imepona.